Vikombe Viwili vya Maji

Mwaka huo tulioshana miguu kwa vikombe viwili vya maji. Kimoja cha mguu wa kushoto, kimoja cha mguu wa kulia, na karai chini la kudaka kila tone, kwa sababu maji hayo yalikuwa bado na kazi ya kupiga deki.

Ilikuwa Alhamisi Kuu, tarehe 6 Aprili 2023, huko Oldonyiro, ile pembe ya Isiolo inayopakana na Samburu na Laikipia. Nilikuwa na miezi miwili tu hapo. Nilikuwa mwalimu mwanagenzi, intern kama tulivyojiita wenyewe, nikifundisha Gredi ya 7, wale watoto wa kwanza kabisa kuingia JSS. Kabla ya barua ya kazi kufika sikuwa nimewahi kulisikia jina la Oldonyiro. Niliitafuta kwenye simu, nikaona rangi ya kahawia na barabara moja nyembamba, nikazima simu.

Mimi ni mtoto wa Mennonite. Ukisema hivyo Nairobi watu hukuuliza kama ni wale Wazungu wa kofia nyeusi na magari ya farasi. Hapana, bana. Sisi ni wa Migori. Nyanya yangu alibatizwa Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, pale ambapo wamishonari Wamennonite kutoka Marekani walianza kazi mwaka wa 1934. Kutoka huko kanisa lilivuka mpaka likaingia kwa Wajaluo wa upande wetu, likabeba nyimbo, sare za akina mama na jambo moja ambalo marafiki zangu wa makanisa mengine huliona kama kioja: tunaoshana miguu.

Sizungumzii padre au askofu kuwaosha watu kumi na wawili mbele ya kamera. Kwetu kila mtu anaosha na kila mtu anaoshwa. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, wawili wawili. Unainama, unaosha, unapangusa kwa taulo, halafu mnabadilishana. Mkimaliza mnasimama na kukumbatiana. Si jambo la juzi. Ungamo la Dordrecht, ambalo Wamennonite wa Uholanzi walilikubali mwaka wa 1632, lina kifungu kizima kuhusu kuoshana miguu. Lakini sisi watoto hatukujua habari za Dordrecht. Tulijua tu kwamba siku hiyo lazima uvae soksi zisizo na matundu.

Na tulijua kitu kingine. Kabla ya karai kuletwa, mzee wa kanisa alikuwa akisimama na kuuliza kama kuna mtu mwenye neno na mwenzake. Halafu ananyamaza. Ule unyamavu ulikuwa mrefu ajabu. Mara nyingine mama mmoja angetoka kwenye benchi lake, apite katikati ya kanisa mbele ya watu wote, akamchague mwingine ambaye tulijua kabisa hawasalimiani kisimani. Wangeoshana. Kuna aliyelia, na kuna aliyeosha kwa hasira kama anayesugua sufuria. Lakini waliosha. Ukiwa na kesi na ndugu yako, huendi kwenye Meza ya Bwana. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni, na hakuna aliyeiandika ukutani.

Mimi sikuwa nimeikaribia hiyo Meza tangu 2021.

Baba aliugua mwaka huo. Nilikuwa chuoni Nairobi, kaka yangu mkubwa ndiye aliyebaki nyumbani. Baba alikuwa na maksai wawili wa kulimia, ng'ombe aliowalea tangu wakiwa ndama na kuwaita kwa majina. Kaka aliwauza bila kuniuliza. Baba akafariki hata hivyo. Siku ya mazishi, hesabu za michango ziliposomwa, nilichukua kipaza sauti nikauliza swali moja tu: "Na ng'ombe wa baba walienda wapi?"

Sikusema kaka amekula pesa. Sikuhitaji kusema. Mahema yote yalielewa. Kaka alinitazama, akatazama kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi, akaenda kukaa nyuma ya jikoni na wapishi.

Miezi mitatu baadaye mama alinipa bahasha. Ndani mlikuwa na risiti za hospitali, kila moja, zimepangwa kwa tarehe. Nilijumlisha. Bei ya maksai ilikuwa humo yote, na juu yake kulikuwa na pesa zaidi, pesa ambazo kaka alizipata kwa kuendesha boda usiku. Niliirudisha bahasha mezani nikamuuliza mama kama kuna chai.

Hapo ndipo nilipokwama. Kila Pasaka ikifika, karai likitolewa, ningepata simu ya dharura ya kupokea nje. Nilikuwa mtu mwenye dharura nyingi.

Kwa hiyo Oldonyiro ilinifaa. Sikujua Mmennonite mwingine hapo zaidi yangu. Mwalimu mkuu alipotangaza kwamba likizo ya Pasaka ni siku nne tu, na Migori iko upande ule mwingine wa Kenya, nilijisikia kama mtu aliyepewa ruhusa na daktari.

Lakini Oldonyiro ina soko la mifugo. Jina lenyewe lina mlima ndani yake, maana kwa Kimaa *oldoinyo* ni mlima, lakini watu wa mbali huenda huko kwa sababu ya soko. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imefeli mfululizo kaskazini yote, na mvua ya Machi ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kudondoka. Ng'ombe waliobaki walikuwa mbavu na macho. Jumamosi moja nilimwona mzee wa Kisamburu akiuza ng'ombe. Mnunuzi alilipa, mzee akahesabu noti. Akahesabu tena. Ng'ombe alipakiwa kwenye lori, na mzee akahesabu mara ya tatu, polepole, huku akiliangalia lori na si noti. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye duka la dawa.

Nilisimama pale na nyanya zangu za shilingi hamsini, nikajua nimeona kitu ambacho sikutaka kukiona. Hakuna anayeuza ng'ombe wa namna hiyo kwa furaha. Nilikuwa nimemuuliza kaka swali la mtu ambaye hajawahi kuuza chochote.

Sasa turudi kwenye maji. Kwenye ploti nilikuwa nikiishi chumba kimoja na mwalimu wa Hisabati, Mkamba wa Kitui, Mkatoliki. Maji tulinunua kwa mtungi wa lita ishirini, na tulikuwa tumekubaliana kila mtu na mtungi wake. Wiki moja kabla ya Pasaka alitumia wangu kufua nguo. Nilimwambia maneno. Akaniambia yake. Tukakaa siku sita katika chumba cha futi kumi kwa kumi tukisalimiana "mwalimu" na "mwalimu", kama wageni kwenye foleni ya benki.

Ile Alhamisi jioni, Ramadhani ikiwa katikati, mwenye duka la jirani alikuwa akifuturu na wanawe mlangoni. Alituita sote wawili akatupa tende. Tulikula tumesimama, kila mtu akiangalia upande wake. Tuliporudi ndani sijui nini kilinipata. Nilisema, "Mwalimu, kwetu leo tungekuwa tunaoshana miguu."

Akacheka. "Na maji gani, boss? Haya ya kunywa?"

"Vikombe viwili."

"Kwetu padre ndiye huosha."

"Kwetu ni yeyote."

Alinyamaza. Nilidhani amepuuza. Kisha akavuta karai kutoka chini ya kitanda, akaliweka mbele yangu, akapiga magoti yeye. Sikuwa nimepanga hivyo. Katika mawazo yangu mimi ndiye niliyeosha, mimi ndiye mnyenyekevu, mimi ndiye mwenye kanisa. Sasa mtu niliyemnunia kwa sababu ya maji alikuwa amekishika kisigino changu chenye nyufa na vumbi jekundu, akimimina kidogo kidogo ili kisimwagike chochote.

Kuosha ni rahisi. Kuoshwa ndiyo shida. Unapoosha una kazi ya kufanya. Unapooshwa huna pa kuweka mikono, na mtu anaona miguu yako ilivyo.

Nilimwosha na yeye. Hatukukumbatiana, tulicheka tu kidogo, tukapangusana kwa fulana yangu ya michezo kwa sababu hatukuwa na taulo safi. Kisha akapiga deki na yale maji. Usiku, taa ikiwa imezimwa, nilimwambia habari za maksai. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na yeye anajua kwamba unajua?"

Sikulala vizuri.

Jumapili nilimfuata kwenye Misa. Nyimbo zilikuwa za Kisamburu, Kiturkana na Kiswahili, na shanga za akina mama zililia kuliko kayamba. Februari ya mwaka huo serikali ilikuwa imepeleka wanajeshi kwenye kaunti sita kwa ajili ya wizi wa mifugo, mbili kati ya hizo zikiwa majirani zetu, Samburu na Laikipia. Bunduki zilikuwa mazungumzo ya kila siku. Padre aliposema tutakiane amani, mama wa Kisamburu mbele yangu aligeuka akampa mkono mama wa Kiturkana. Walishikana mikono kwa muda kuliko inavyohitajika, bila tabasamu, kama watu wanaojua hasa wanachoombana.

Nilikumbuka hadithi ya Dirk Willems, ambayo mwalimu wetu wa shule ya Jumapili aliipenda sana. Mwaka wa 1569, Uholanzi, Dirk alikuwa akikimbia kukamatwa kwa sababu ya imani yake. Alivuka bwawa lililoganda. Askari aliyemfukuza akatumbukia kwenye barafu. Dirk akarudi, akamvuta nje, akakamatwa, akachomwa moto. Sisi watoto wa Migori tuliijua barafu ya friji tu, tukashangaa mtu anawezaje kutumbukia humo. Miaka yote hiyo nilidhani kiini cha hadithi ni ule moto. Pale kwenye benchi niliona ni ile hatua ya kwanza ya kurudi nyuma.

Baada ya Misa nilipanda kilima kutafuta netiweki. Watoto wanne waliokuwa wakichunga mbuzi walinifuata, maana mwalimu anayepanda kilima akiwa na viatu vya kanisani ni sinema ya bure. Nilipiga. Kaka hakushika. Nilipiga tena. Akashika.

"Ni mimi," nikasema kwa Kijaluo.

"Hello? Sikusikii."

"Nimeziona risiti!"

"Nini?"

"Risiti za baba! Niliziona kitambo! Nilikosea! Nisamehe!"

Upepo ulikuwa mkali, nikalazimika kupiga kelele mara tatu, kwa sauti ya dalali. Watoto wakafurahia, wakaanza kuniigiza, wote wanne wakipaza neno langu la mwisho juu ya kilima bila kujua maana yake.

Kaka alinyamaza. Unyamavu ule ule wa kanisani kabla ya karai.

"Hao ni nani ninaowasikia?" akauliza.

"Watoto. Wanachunga mbuzi."

"Wanaelewa Kijaluo?"

"Hapana."

"Basi bado hujasema," akasema. Hakusema kwa ukali. "Mimi uliniambia mbele ya watu wanaoelewa." Kisha akauliza kama huko kumenyesha, nikamwambia kidogo, akasema kwao kumenyesha sana, na simu ikakatika.

Shule zilifungwa tarehe 21 Aprili. Nilipanda gari la kwanza kwenda Isiolo. Migori nilifika na vumbi la Oldonyiro likiwa bado kwenye mabega ya begi. Jumapili, mzee alipofika kwenye matangazo, niliinua mkono kuomba nafasi. Aliniangalia muda mrefu, kisha akaninyooshea kipaza sauti. Kaka alikuwa benchi la tatu, upande wa wanaume, ameinamisha kichwa akiangalia viatu vyake.