Hofu Izidiyo Baada ya Misiba

Wasomaji wapenzi, wenye nyumba kadhaa, na walimu pia, wametuuliza swali moja: yawaje mtu aliyeustahimili msiba wa kwanza kwa moyo mkuu aanze kutetemeka baada ya wa pili au wa tatu, hali majirani wamekwisha kusahau? Na wengine huongeza kwa sauti ya chini: je, huo si upungufu wa imani? Twajibu kwa yale yaliyotupata sisi wenyewe huku Bukoba.

Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa maji, na kaka yetu alikuwa mmoja wao. Sisi tulikuwa bado shuleni. Tukakaa matanga, tukarudi darasani, watu wakatusifu kwamba tu wagumu. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, nchi ikatetemeka. Ukuta wa chumba chetu ukaangukia kitanda ambacho, kwa neema, hakikuwa na mtu. Mkoani Kagera walikufa watu wasiopungua 17, nyumba kwa maelfu zikapasuka, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa kubomoka. Tukalala migombani siku nyingi, maana mitetemeko midogo ilikuwa ikirudi. Kisha Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege iliyotoka Dar es Salaam ikaanguka ziwani karibu na uwanja wetu. Katika watu 43 waliokuwamo wakafa 19, na wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia kuokoa. Hatukuwa na ndugu ndani ya ndege ile. Walakini hiyo ndiyo iliyotuangusha.

Tangu siku ile usingizi ukatutoroka. Lori likipita barabarani usiku, tulikuwa nje kabla ya kujua kwamba tumeamka. Moyo ulipiga kama ngoma, viganja vikatoka jasho, kifua kikabana hata tukadhani ni ugonjwa wa moyo. Kanisani tulisimama karibu na mlango. Kumfundisha mtu Katekisimo huku jicho moja likipima nyufa za ukuta si kazi nyepesi.

Mama wa nyumba yetu akatushurutisha kwenda hospitali kwa muuguzi wa magonjwa ya akili. Huyo alitusikiliza kwanza, ndipo akasema: "Mwalimu, wewe si mwoga, wala huna kichaa. Mwili wako umejifunza kulinda, na sasa haujui kuacha." Sisi twalifananisha neno hilo na mlinzi wa shamba. Nguruwe wakimvamia usiku mmoja, atapiga debe usiku ule kwa haki. Wakimvamia mara ya pili na ya tatu, atapiga debe kwa kila jani litikisikalo, wala nyumba nzima haitalala. Hakuna faida kumtukana mlinzi huyo. Yampasa kuonyeshwa, usiku baada ya usiku, kwamba jani ni jani.

Na hapo ndipo penye shida, maana mwenye hofu huepuka. Akiepuka hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo imdanganyayo, kwani mlinzi husema, "Mwaona? Tumepona kwa kuwa tumekimbia." Huacha kwanza meli, kisha gati, kisha hata njia ipitayo ufukoni. Hofu hii ni kama mkopeshaji: ukimlipa leo, kesho aja na deni lililo kubwa zaidi.

Muuguzi akatupa kazi ndogo ndogo. Kuvuta pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu kuliko tulivyoivuta, dakika chache asubuhi na jioni, hali tumetulia, ili mwili uzoee kabla ya kuhitaji. Kuamka wakati ule ule kila siku. Kuiacha pombe, ambayo humlaza mtu kitambo kidogo, kisha humwamsha na hofu maradufu. Kupunguza kahawa baada ya adhuhuri, neno gumu kwa Mhaya, ambaye kwao mgeni hupewa buni za kutafuna kabla hajaulizwa habari za safari! Na kukiendea kile tukiogopacho kwa hatua fupi, tukikaa pale mpaka hofu ishuke yenyewe.

Katika swali la imani twasema wazi: mwenye malaria hatumpimi imani kabla ya kumpa dawa. Tulisali kabla ya kwenda hospitali, tukasali na baadaye, wala hatukuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Wala haifai kumlazimisha mtu aliyeshtuka aseme yote. Mzee mmoja jirani alikuja, akaketi nasi, akatafuna buni zake, akaondoka, kesho akarudi. Siku ya nne tukamweleza habari za kaka yetu, ambazo tulikuwa hatujamweleza mtu tangu mwaka 1996. Huko Harare, nchini Zimbabwe, mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare waketi bencini na wenye taabu kama hii na kuwasikiliza kwa mpango. Wao huiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nasi twasema mtu "ana mawazo". Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na wasikilizaji wa benchi hizo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Ninyi walimu, mtoto akicheza tetemeko kwa kubomoa nyumba zake za udongo, msimkemee. Ajaribu kulielewa jambo. Akiacha kucheza na kula, au akianza tena kukojoa kitandani kwa majuma, waambieni wazazi wake. Na mtu mzima akipita mwezi katika hofu hiyo, aende hospitali. Akisema heri afe, msingoje mwezi: mpelekeni siku ile ile, wala msimwache peke yake.

Mwezi Desemba 2023 binti yetu akapata nafasi katika shule ya bweni huko Mwanza. "Baba, wenzangu watapanda meli," akasema, akitutazama usoni. Tungaliweza kukataa, wala hakuna jirani ambaye angalitulaumu. Tukaanza hatua. Juma la kwanza tulikwenda naye gatini jioni, tukatazama mikungu ya ndizi ikipakiwa. La pili tukasimama chini ya ngazi ya meli mpaka miguu ikaacha kutetemeka. La tatu tukapanda, tukashuka Kemondo, bandari iliyo karibu, tukarudi kwa gari. Januari 2024 tukasafiri naye mpaka Mwanza. Hatukulala usiku kucha. Tulikaa juu karibu na maboya, tukipumua kama tulivyofundishwa, naye akalala begani petu. Kulipopambazuka yakaonekana majabali ya Mwanza. Akaamka, akauliza kama tumekula.

Kurudi tulipanda basi, maana nguvu zilikuwa zimekwisha. Basi nalo likaingia katika kivuko cha Busisi, kwa kuwa daraja lilikuwa halijafunguliwa bado. Tukashuka pamoja na abiria wengine, tukasimama penye ukingo, na tulipovuka tukanunua samaki wa kupeleka nyumbani.