Nyumba Hii Haiuzwi

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa heshima zote, wahenga hao hawakuwahi kuuza nyumba Dar es Salaam. Mnunuzi wa hapa mjini hasubiri mlango. Anaanza kukagua tangu anaposhuka kwenye bajaji, na mara nyingi anakuwa ameshakataa kabla hajavua viatu.

Najua ninachosema, ndugu msomaji. Kwa miezi 11 kazi yangu ilikuwa kuonyesha nyumba ya marehemu baba yangu iliyoko Kigogo, si mbali na bonde la Mto Msimbazi. Nimemaliza kidato cha nne, ajira sina, naandika riwaya isiyokwisha. Kwa hesabu za ukoo, mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kushinda nyumbani kungoja wateja. Kaka yangu wa mama mwingine, ambaye ndiye aliyetaka nyumba iuzwe, anashinda kazini. Dalali analeta watu, mimi nafungua milango. Walikuja watu 23. Nina hakika na idadi hiyo kwa sababu nilikuwa na daftari, na kila aliyekuja niliandika maneno aliyoyasema wakati wa kuondoka. Nia yangu ilikuwa kupata mazungumzo ya kutia kwenye riwaya. Nilichopata ni somo la nyumba.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, kama unavyozijua: vyumba 6, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo cha shimo. Mimi na mama tulikaa chumba cha mbele. Vinne vilikuwa na wapangaji. Cha mwisho kilikuwa na vitu vya baba, hakuna aliyekigusa. Bei aliyoitaja kaka ilikuwa shilingi milioni 85.

Kitu cha kwanza kilichotukimbizia watu ni njia. Gari linaishia kwenye grosari, kutoka hapo unaingia kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Mnunuzi wa tatu, baba mmoja wa makamo aliyevaa kaunda suti, alisimama katikati ya kichochoro akauliza, "Binti, gari la kunyonya choo linapita wapi?" Nikamwambia halipiti, wanavuta mpira mrefu kutoka barabarani. Akafikiri kidogo. "Na jeneza mnalitoaje?" Jibu nilikuwa nalo, maana la baba tulilitoa kwa kuliinamisha, lakini sikumpa. Hakufika hata mlangoni.

Kitu cha pili ni maji. Wenyeji wa Dar hawajasahau Desemba 2011, mvua iliponyesha siku tatu mfululizo, Msimbazi ukafurika, watu wakafa, na serikali ikawahamishia wengine Mabwepande. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 10. Kwetu maji yalifika usawa wa madirisha, yakaacha mstari wa kahawia ukutani kuzunguka nyumba nzima kama mkanda. Baba hakuufuta. Alisema ni kumbukumbu.

Kaka akaleta fundi. Akapiga plasta, akapaka rangi ya maziwa ndani na nje. Dalali akafurahi: "Hapo sasa! Rangi mpya inauza yenyewe." Basi bwana, haikuuza. Wakaja wanne mfululizo, wote wakaishuku ile rangi. Mzee mmoja aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, kisha akatoa funguo akakwangua karibu na sakafu. Chini ya rangi ikatoka chumvi, nyeupe kama unga. Hakugombana na mtu. Aliuliza tu, "Na mengine mliyoyafunika yako wapi?" Akaaga.

Masika yalipofika rangi ikaanza kubabuka yenyewe na ule mstari wa baba ukarudi. Ajabu ni kwamba kuanzia hapo mazungumzo yakawa mazuri zaidi. Watu walikuwa wanauweka mkono juu ya mstari wanauliza ni mwaka gani, maji yalikaa siku ngapi, ukuta gani ulilegea, kisha wanataka kupunguziwa. Nikaandika daftarini: dosari inayoonekana ni bei, dosari iliyofichwa ni hofu. Bei mtu anaweza kubishana nayo. Hofu anaondoka nayo kimyakimya.

Hofu nyingine haikuwa hata ya nyumba yetu. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba nyingi za bondeni zilichorwa alama ya X kwa rangi nyekundu na nyingine zikabomolewa. Yetu haikuchorwa. Lakini wanunuzi walikuwa wanapita wakichungulia kuta za majirani, kama mtu anayetafuta upele kwenye mkono wa mchumba. Wenye habari walikuwa wanauliza pia kuhusu mradi wa Bonde la Msimbazi, ule ambao mkopo wake wa Benki ya Dunia uliidhinishwa mwaka 2022: mpaka wake unapita wapi? Mimi nilikuwa nawaelekeza ofisi ya serikali ya mtaa. Dalali alikuwa ananikanyaga mguu.

Kitu cha tatu ni karatasi. Eneo letu halikupimwa wakati watu wanajenga, kwa hiyo hati hatuna. Tulikuwa na leseni ya makazi, zile ambazo serikali ilianza kuzitoa hapa Dar mwaka 2004. Mnunuzi mwenye akili haikatai leseni. Anachofanya ni kusoma jina. Jina ni la baba, na baba yuko makaburini. Swali linalofuata ni moja tu: msimamizi wa mirathi ni nani, na barua ya mahakama iko wapi? Kaka alikuwa hajaenda mahakamani. Dalali alikuwa anajibu, "Hiyo inafuata, mzee, usiwe na wasi." Mtu akisikia hiyo "inafuata" anaingia mitini. Na ana haki. Mrithi mmoja hawezi kuuza mali ya marehemu kwa kuwa yeye ni mkubwa. Ukimpa pesa, umenunua kesi.

Mambo haya si ya Kigogo peke yake. Siku moja dalali alinichukua Mbagala nimsaidie kuonyesha nyumba nyingine. Kiwanja kikubwa, matofali mazuri, bei ya kutupa. Uani kulikuwa na kaburi la bibi yao, limesakafiwa vizuri. Wanunuzi, mume na mke, walitembea vyumba vyote wakicheka, walipofika uani wakanyamaza. Dalali akasema kaburi litahamishwa. Mke akauliza, "Bibi mwenyewe amekubali?" Nyumba ya pili ilikuwa ya bwana aliyekuwa anauza wakati mkewe yuko safarini kijijini. Mnunuzi akamwambia wazi kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Bwana akasema mke wake hana tatizo. Mnunuzi akasema, "Basi nitamngoja arudi aniambie mwenyewe." Dili likafa palepale.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa nyumba yetu. Njia, maji na karatasi vilitupotezea watu, ndiyo. Lakini kulikuwa na wengine walioyakubali yote hayo, wakaingia ndani wakiwa na nia, halafu wakaondoka bila kutaja sababu. Hao ndio walionitesa. Nikaanza kuwatazama wao badala ya kutazama kuta.

Mmoja, kijana aliyekuja na mama yake mzazi, alishapatana na dalali hadi milioni 78. Mama yake akaenda uani, akamkuta mpangaji wetu anafua. Akamsalimia, akamuuliza kwa upole, "Mmeambiwa mhame lini?" Mpangaji akainua uso na povu mikononi. "Kuhama kwenda wapi?" Alikuwa ameshalipa kodi ya miezi sita. Hakuna aliyemwambia kitu. Yule mama akarudi ukumbini, akamshika mwanawe mkono, wakatoka.

Na mama yangu je? Dalali alikuwa ameniagiza nimwondoe kila mteja anapokuja. "Bi mkubwa aende hata kwa jirani. Sura yake inaharibu biashara." Mama hakwenda. Alikuwa anatandika mkeka barazani, anaitikia salamu, anawakaribisha watu maji ya kunywa. Hakuwahi kusema neno baya. Lakini mtu akimwangalia alikuwa anamwona mwanamke aliyekaa kwake. Mteja wa 16, mwanamama mwenye duka la vitenge, alikunywa yale maji, akakaa kimya, kisha akaniambia pembeni, "Mwanangu, nyumba nimeipenda. Lakini huyu mama yako hajahama moyoni. Nikilala humu sitapata usingizi."

Hesabu ya mama ilikuwa hivi. Sisi ni Waislamu, na mjane mwenye mtoto fungu lake ni thumuni, yaani moja ya nane. Kaka alilitamka hilo kama jambo dogo, kwa simu. Mama akaniuliza usiku ule, "Vyumba viko sita. Thumuni yangu ni chumba kipi?" Bati za nyumba ile alizinunua yeye kwa pesa ya vitumbua. Hakuna aliyekuwa amemuuliza atakwenda wapi, wala kumwambia atapata shilingi ngapi. Alikuwa anajua mambo kutoka kwa wanunuzi, kama mpangaji.

Juma lililofuata akaniamsha alfajiri. Kulikuwa na nusu kopo la rangi nyeusi stoo. Akaniambia, "Wewe si ndiye unayeandika? Nenda kaandike." Nikaandika ukutani mbele, juu kidogo ya ule mstari wa maji, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Maneno matatu. Hadithi zangu nimepeleka magazetini mara kadhaa zikapotelea huko. Maneno haya yalisomwa na mtaa mzima kabla ya saa mbili asubuhi.

Kaka alikuja jioni anatweta. "Mdogo wangu, umeniharibia! Umeniharibia kabisa!" Nikamwambia, "Kaka, mama yuko ndani. Kamuulize." Alisimama pale muda mrefu akiusoma ukuta. Kwa mwaka mzima alikuwa amezungumza na dalali, fundi na wateja, mama alikuwa hajakaa naye hata mara moja. Akavua viatu akaingia. Akasema, "Shikamoo mama." Nikawasikia wanaanza.

Yaliyofuata hayana utamu wa riwaya. Baba mdogo aliitwa kutoka Morogoro, kikao cha ukoo kikakaa, muhtasari ukaandikwa. Kaka akaenda Mahakama ya Mwanzo, akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Wapangaji wakaambiwa na wakapewa miezi mitatu. Mama akasema anakubali kuuza kwa sharti moja: asitoke Kigogo kabla hajaona paa la mahali anapokwenda. Wote wakatia sahihi, mama akaweka dole gumba.

Wateja wakaanza kuja tena. Maneno ya ukutani tuliyapaka chokaa, lakini nyeusi haifutiki kirahisi, yalikuwa yanasomeka kwa mbali. Mteja wa 23 alikuwa mama muuza samaki wa Feri. Aliyaona. Akauliza ni nani aliyeandika, nikasema ni mimi. Akauliza kwa nini, nikamweleza kwa nini na yalikwishaje. Nikamwonyesha mstari wa 2011, chumvi, kichochoro, choo, leseni, barua ya mahakama. Hakushtuka. Akaomba kukaa na mama peke yao uani. Walikaa nusu saa, sikujua wanazungumza nini, nilisikia wakicheka mara moja. Alinunua kwa milioni 72.

Kwa mgawo wa kisheria mama alipata milioni 9, mimi 21, kaka 42. Mimi na mama tukaunganisha, tukanunua kiwanja kidogo Chanika chenye vyumba viwili, pesa iliyobaki mama amefungulia genge.

Nimelipitia daftari tena kabla ya kuandika makala hii. Waliokataa kwa sababu ya njia ni 4. Kwa sababu ya maji, 5. Kwa sababu ya karatasi, 6. Kwa sababu ya watu walioko ndani, 7. Mmoja alinunua. Madalali watakwambia upake rangi, ufagie, uchome udi. Fanya hivyo, hakuna ubaya. Lakini ukiwa wewe ndiye kijana uliyeachiwa funguo, kabla hujamwita dalali nenda kaulize vyumba vyote sita, mmoja mmoja, kama watu wanajua na kama wameridhika. Mnunuzi atauliza hivyohivyo, hata kama hatafungua mdomo.

Kaka alikuja Chanika Idi iliyopita. Alileta kilo mbili za nyama na kiti cha baba, kile kilichokuwa kwenye chumba kisichoguswa. Mama amekiweka barazani na hajakikalia bado.