Iondoe Ile Mikwaruzo: Barua kwa Mpwa Wangu wa Kwapa

Mpwa wangu mpendwa,

  

Video uliyonitumia nimeitazama kwa makini. Unataka filamu yako fupi ifanane na sinema za Kifaransa za miaka ya 1960, ndiyo maana ukaweka programu inayomwaga vumbi na mikwaruzo juu ya picha. Iondoe. Vijana wa Paris waliozitengeneza hawakuitafuta mikwaruzo. Walitaka kupiga filamu kwa fedha kidogo, barabarani, upesi, na sura unayoipenda ilitokana na hapo.

À bout de souffle ya Jean-Luc Godard, iliyotoka 1960, ilipigwa na Raoul Coutard, aliyekuwa mpiga picha za vita Indochina. Kwa maonyesho ya usiku aliunganisha mikanda ya Ilford iliyotengenezewa kamera za picha za kawaida, kwa sababu ilivumilia giza. Alipotaka kamera itembee, aliketi kwenye kiti cha magurudumu, Godard akamsukuma. Wewe una mpaka mzima wa Kenya na Uganda wa kukusaidia: hapa Busia watu wenye ulemavu huvusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Mwombe mmoja kwa heshima, mlipe mapato yake ya siku hiyo, ukae naye na simu yako. Au keti kinyumenyume kwenye keria ya boda boda ya baiskeli, usafiri uliozaliwa mpakani kwetu. Picha ikitikisika kidogo, iache.

Lakini tatizo lako kubwa ni jua. Kwapa haifiki hata digrii moja kutoka ikweta, na saa sita mchana jua letu husimama utosini, macho ya mtu yakageuka mashimo meusi. Jua la Paris huja kwa mshazari. Kwa hiyo nje piga kabla ya saa tatu asubuhi, kisha baada ya saa kumi jioni. Mchana ingia ndani. Fungua mlango mmoja, mketishe dada yako ubavuni mwake, na upande wenye kivuli tundika shuka jeupe lirudishe mwanga usoni. Coutard naye alielekeza taa darini ili mwanga urudi chini ukiwa laini. Katika video yako, pale alipoketi dada yako jikoni, mwanga wa dirisha ukimpiga shavuni, ulipata jambo la kweli, ingawa ulimkata mapema mno.

Sasa kuhusu zile kofia za Kifaransa ulizowavika waigizaji. Godard alipiga Paris ya siku zake, na nguo za siku zake. Wewe piga foleni ya malori mpakani Malaba, na wanawake wanaovuka na magunia.

Tena tafuta Moi, un noir ya Jean Rouch, ya 1958, iliyopigwa Treichville, Abidjan. Ni ya rangi, na Godard mwenyewe aliisifu sana. Kamera ya Rouch ilitiwa ufunguo kama saa, kila kipande cha picha hakikuzidi sekunde 25 hivi, wala haikurekodi sauti. Baadaye Oumarou Ganda, mwigizaji mkuu, alitazama picha zake akazisimulia papo hapo. Kazi hiyo tunaijua. Maveejei wa vibanda vya video vya Uganda wamesimulia filamu za watu kwa miaka mingi, nasi tukawasikiliza kuliko waigizaji.

Basi fanya hivi: onyesho lako la soko lipige upya bila sauti, kwa vipande vifupi, kisha mketishe nyanya yako mbele ya picha, asimulie kwa Kiteso anachokiona. Usimwandikie maneno. Ukimaliza nitumie kabla hujamwonyesha mtu mwingine.

Mjomba wako,
Busia