Rafu ya 630 haikuwa na mdudu huyu

Bwana shamba kaniomba niwasimulie. Katika maktaba yetu ya wilaya, kilimo ni rafu ya 630. Naifikia hata gizani. Mwaka 2017 mama mmoja alileta kiwavi wa mahindi kwenye chupa. Nikafungua kitabu cha 1984, nikamwambia ni viwavijeshi wa siku zote, akaondoka kwenda kununua dawa.

Kijana wa zamu akatafuta kwenye simu: Y iliyopinduliwa kichwani, madoa manne ya mraba karibu na mkia. Kiwavijeshi vamizi! Afrika aliripotiwa mara ya kwanza 2016, kitabu changu kingemjulia wapi? Tulimkimbilia mama hadi dukani.

Kesho yake nilimwomba kijana anifundishe. Vidole vizito hivi, wiki nzima nabonyeza nisipotaka. Sasa natafuta mwenyewe. Dawa bado namwuliza bwana shamba.