Mama Alipotujia Biryogo

Atokaye Mombasa kwenda Kigali kwa njia ya nchi kavu huvuka mipaka miwili, wa Kenya na Uganda, kisha wa Uganda na Rwanda pale Gatuna. Akishavuka Gatuna, gari lililokuwa likienda upande wa kushoto sasa laenda kulia, na saa yake ya mkononi imetangulia saa ya wenyeji kwa saa nzima. Barabara hushuka kwenye mabonde ya majani chai ya Mulindi, hupanda tena na kushuka tena, na kwa mtu wa pwani aliyezoea kuona upeo wa macho mbele yake, milima hiyo isiyokwisha huchosha hata akiwa ameketi.

Sisi, mume na mke, huu ni mwaka wetu wa nne katika kazi ya daawa mtaani Biryogo, sehemu ya Nyamirambo. Msomaji asidhani kwamba tumekuja kwenye nchi isiyoujua Uislamu. Dini ilifika Rwanda pamoja na wafanyabiashara, askari na makarani kutoka pwani ya Tanganyika zama za Wajerumani, na Wabelgiji walipotawala waliwatengea Waislamu mahali pao hapa Biryogo. Ndiyo maana Mnyarwanda wa zamani alimwita Mwislamu yeyote Mswahili, awe amezaliwa Tabora au papa hapa mlimani. Kiswahili chetu kilikuwa kikisemwa katika vichochoro hivi miaka mingi kabla ya kufanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Tulipofika tulikuta wazee wakicheza bao, na jirani akituuliza habari za Mombasa kama mtu anayeuliza habari za ukoo wake.

Hata hivyo ugeni ni ugeni, na hudhihiri zaidi wakati wa uzazi. Kwetu, mwanamke hurudi kwa mamake kujifungua na kukaa arubaini. Watoto wetu wawili wa mwanzo walizaliwa Mombasa, wakaogeshwa na kukandwa nyumbani kwa Mama, Mji wa Kale. Safari ya tatu mambo ya madrasa hayakuruhusu, na daktari naye hakupendelea safari ndefu. Mama alipopata habari kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi arubaini itanifuata mimi, au mimi nitaifuata."

Akaifuata. Alifika na kitambulisho chake cha Kenya, ambacho tangu 2014 chatosha kuvukia mipaka hiyo, na vikapu viwili vya ukili, kwani tulimuonya kuwa Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Ndani mlikuwa na mkaja, karafuu, pilipili manga, udi, nazi kavu na mbuzi ya kukunia. Ofisa wa forodha aliigeuza ile mbuzi huku na huku, akaushika ule ulimi wa chuma, akauliza ni silaha ya namna gani. Mama hakujibu kwa maneno. Aliiweka sakafuni, akaikalia, akashika nazi isiyokuwapo na kuanza kukuna. Foleni nzima ilicheka, akapitishwa.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, na sebule hiyo ndiyo darasa la wanawake Jumamosi na Jumapili. Tulimpa Mama chumba cha watoto, na mume akahamia chumba cha vitabu kwenye madrasa kwa muda wote ule. Kisheria mama mkwe ni maharimu, hapana la kuficha. Ila sisi watu wa pwani twajua kuna heshima ya mkwe, na nyumba ya mzazi ni ya wanawake.

Asubuhi ya kwanza Mama aliamka, akakaa kitandani akisikiliza. "Kwani huku hakuadhiniwi?" akauliza. Tulimweleza kuwa mwaka 2018 utawala wa wilaya ya Nyarugenge ulizuia adhana ya vipaza sauti kwa hoja ya kelele, kwa hivyo mtu hutazama saa yake, au humsikia jirani akifungua bomba la maji kwa udhu. Kwa Mama, aliyezaliwa na kukua baina ya misikiti isiyopungua mitatu, kimya hicho kilikuwa kizito kuliko baridi. Saa yake hakuirudisha nyuma hata siku moja. Jua la Kigali huchelewa nyuma ya jua la Mombasa kwa karibu dakika 40, naye akataka kujua ni lini watu wa nyumbani wameshaswali. Kila jioni alisema, "Wameshatoa salamu kule," kisha akangojea Maghribi yetu.

Jambo lililomshangaza zaidi ni majirani. Katika desturi ya Wanyarwanda, mzazi huendewa kwa chakula, na kwenda huko huitwa guhemba. Walikuja na igikoma, uji wa mtama, kwa chupa kubwa za chai, na Mama alikuwa ameshapika uji wake wa pilipili manga. Kwa siku mbili tatu uji huu uliutazama uji ule kwa jicho la wivu. Siku ya saba tulichinja mbuzi wawili wa akika, mtoto akanyolewa, na watoto wa mtaa wakaja wakipendekeza majina, kwani kwao mtoto hupewa jina siku ya nane na watoto wenziwe huwa na kauli katika jambo hilo. Walipendekeza majina kumi na moja. Mama aliyasikiliza yote kwa adabu, akawagawia wali wa nazi, na jina likabaki lile la babu yake.

Miongoni mwa waliokuja kila siku alikuwemo bibi mmoja, rika la Mama, ambaye hatutamtaja. Huyu alikaa mkekani, akatazama Mama anavyokanda kwa maji ya moto na kufunga mkaja, na siku ya nne akakunja mikono ya nguo akakanda yeye. Baada ya hapo hawakuachana.

Usiku wa ishirini na mbili, mtoto amelala, Mama alitoa alichotumwa. Wajomba walikuwa wamekaa kitako: miaka minne yatosha, arubaini ikisha turudi naye. Kisha akaongeza la kwake, ambalo hakutumwa na mtu. "Binti ninaye mmoja tu. Nikifa leo, nani ataniosha?"

Wanawake wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kufafanuliwa uzito wa swali hilo. Hatukuwa na jibu. Kumwambia kwamba mtaa wake umejaa waoshaji kungekuwa kweli, na kungekuwa utovu wa adabu.

Jumamosi iliyofuata, darasa lilikuwa la kuosha na kukafini. Lilipangwa miezi miwili nyuma, kabla ya Mama kuja, kwa ombi la wanafunzi wenyewe. Yafaa tueleze kwa nini. Baadhi ya wanawake hawa waliingia katika Uislamu baada ya 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wako Waislamu wengi wa mitaa hii waliowaficha majirani zao majumbani na misikitini, na waliookoka hawakusahau. Yule bibi ni mmoja wao. Alifichwa Biryogo, nyuma ya gunia za mkaa, na mama mmoja wa Kiislamu aliyekwisha kufariki. Hakubakiwa na dada wala binti wala shangazi. Akishahada, alishahadia nyumba ya watu baki. Na ndiye aliyesimama mwaka jana mwisho wa darsa akauliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, akifa ataoshwa na nani.

Mama alikuwa akisikiliza kutoka mlango wa chumba. Mwalimu wao yuko arubainini, amechoka, anazungumza akiwa ameegemea mto. Mama akatoka, akaomba ruhusa, akachukua darasa. Tangu ujana wake yeye ni muoshaji mtaani kwake. Mmoja wa wanafunzi alijilaza juu ya jamvi na nguo zake, na Mama akaanza: kusitiri kwanza, kuanzia upande wa kulia na viungo vya udhu, kuosha mara za witiri, majani ya mkunazi kwenye maji na kafuri katika mkupuo wa mwisho, nywele zisukwe mashungi matatu na kulazwa nyuma kama alivyopokea Ummu Atiyya kutoka kwa Mtume, rehma na amani zimshukie. Kisha vipande vitano vya sanda ya mwanamke, kimoja baada ya kimoja. Aliwakemea waliocheka, na aliyeshindwa kukunja ukaya alimshika mkono. Lilichukua muda mrefu kuliko darsa zetu zote. Yule bibi alirudia kila hatua mara mbili.

Walipotoka, Mama alimuuliza yule bibi mkunazi huku wapata wapi. Ndilo lililomshughulisha jioni ile nzima.

Neno la wajomba hakulirudia tena katika siku 18 zilizobaki, wala hakulifuta. Sisi nasi hatukuligusa. Alikuwa mgeni wetu na mama yetu, na kuna mazungumzo ambayo kuyaharakisha ni kumfukuza mgeni.

Siku ya arubaini na mbili wanawake tisa walimsindikiza hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Bibi yule alimpa agaseke, kikapu chenye kifuniko kirefu kilichochongoka, na Mama akampa leso aliyokuwa amejitanda, papo hapo, akabaki na ushungi wa buibui. Mbuzi ya kukunia aliiacha jikoni. Tulipomkumbusha alisema ya kwake iko Mombasa, hii alituletea.

Wajomba wametupa muda mpaka baada ya Ramadhani. Wiki iliyopita dereva mmoja alituletea nazi saba na mfuko wa karatasi wa majani makavu ya mkunazi. Nazi mbili zilikuwa zimepasuka njiani. Majani yalifika salama, na tumemkabidhi bibi ayahifadhi yeye.