Kioo cha Gari na Amana ya Bi Harusi



Leo nawahadithia jambo lililonitoa jasho, na aibu pia.

Nilikuwa narudi Mahonda kupeleka sare za harusi, mbele yangu lori la kokoto. Nikasikia "tap!" Jiwe. Kwenye kioo cha mbele kikabaki kidoa kama punje ya mchele. Fundi akaniambia nikazibe mapema kwa gundi yake maalumu, kabla ufa haujatembea. Nikapuuza. Wiki ya pili, gari limeshinda juani, nikawasha AC mpaka mwisho. Ufa ukakimbia hadi katikati ya kioo. Hapo hakizibiki tena, ni kubadilisha.

Bei sasa! Kioo kipya laki nne. Kilichotumika laki mbili na nusu, na elfu sitini ya fundi. Nikakimbilia bima. Wakanijibu kwa upole: bima yako ndogo, inamlipa uliyemgonga, hailipi gari lako. Kweli, nilikata ya bei rahisi ili askari asinisumbue tu.

Mkobani nilikuwa na laki tano za bi harusi mmoja, amana ya kitambaa cha shela. Shetani habishi hodi. "Chukua, utarudisha Jumatatu." Nikachukua laki tatu na kumi. Jumatatu ikaja mikono mitupu, na iliyofuata hivyo hivyo. Harusi imebaki wiki mbili, kitambaa sina, usingizi sina. Mwisho nikampigia mama yake, nikasema ukweli wote. Alinyamaza, kisha akaniambia, "Mwanangu, ungeniomba ningekukopesha."

Wallahi, bora angenitukana. Nikauza bangili yangu moja, kitambaa kikapatikana, shela likaisha usiku wa kuamkia ndoa.

Dada zangu wenye biashara, na nyinyi maharusi mtakaopewa gari, shikeni haya. Kidoa kidogo kizibwe kingali kidogo. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zenye plastiki katikati, ndiyo maana hupasuka bila kumwagika. Lakini ufa ukishatembea, hauna dawa. Kikibadilishwa, msubiri fundi aseme gundi imeshika ndipo muondoke. Kwenye bima kubwa, ulizeni kabla ya kulipa: kioo kimo? Mpaka kiasi gani? Mimi mwenyewe natoa ngapi kwanza? Anayeona uzito na bima za kawaida aulizie takaful, ambayo watu huchangiana kusaidiana, na amuulize shekhe wake.

Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha mtu amfunge ngamia kwanza, ndipo amtegemee Allah. Mimi nilitegemea bila kufunga, kisha nikafunga kwa kamba ya mwenzangu.

Siku hizi fedha ya mteja ina bahasha yake yenye jina, na ya gari ina yake. Zikionana, ni kwa bahati mbaya.

Allah atusamehe, na atulinde na amana za watu. Amin.