Mazuti hayakuibiwa

Shofa mmoja wa hapa Luena alikaribia kupoteza kazi. Gari lilikuwa linakunywa litri 15 za mazuti kwa kilomita 100. Mwenye gari alipoweka matairi makubwa, likaanza kunywa 18. Akamwambia: “Unauza mazuti yangu.” Shofa akajibu tu: “Hapana, baba.”

Fundi mzee akawaita wote wawili. Akatia alama ya chaki kwenye tairi la zamani, akalizungusha chini mara moja, akapima: mita 2,20. Lile kubwa: mita 2,42. Kumbe saa ya gari ikionyesha kilomita 100, gari limekwenda 110! Kwa hesabu ya kweli, linakunywa litri 16,4 hivi.

Na ile litri moja na kitu? Tairi kubwa ni zito, tena linaifanya vitesi ya nne kuwa ngumu. Penye mchanga au mlima shofa anarudi kwenye ya tatu, injini inalia, mazuti yanakwisha.

Mwenye gari alinyamaza, kisha akasema: “Mwanangu, unisamehe.” Matairi ya zamani yamerudi, makubwa yanangoja matope ya mvua.